Tusiulize tena mama alikuwa wapi

Sisi wachimbaji wa Kashuga tuko na ulizo moja linalotoka mdomoni haraka kuliko salamu. Mtoto akiungua, mtoto akianguka ndani ya moto, mtoto akinywa kitu kibaya, watu wanajaa mlangoni na mmoja anauliza: "Mama yake alikuwa wapi?" Kiisha wote tunanyamaza, tunamwangalia yule mama. Sisi tunaoandika haya, watu wa sendika, na sisi tuliliuliza ule usiku. Tunasema mbele, ili mtu asituone kama walimu.

Ule usiku ulikuwa wa mvua. Mwenzetu mmoja kazi yake ni motopompe: anaiwasha asubuhi, inatoa maji shimoni, magaribi anaizima. Kule kilimani hakuna depo. Ukiacha esansi pale, asubuhi unakuta bidoni imepotea ao imebaki nusu. Na mwenye shimo alikuwa amekwisha kumwambia: "Esansi ikikosekana, tunakata kwa pesa yako." Kwa hiyo kila jioni mwenzetu alikuwa anashuka nayo nyumbani. Siku ile ilikuwa imebaki kama litre moja tu. Bidoni kubwa kwa njia ya utelezi ni mateso. Akamimina ile esansi ndani ya chupa ya maji, ya plastiki, ile tunayoijua wote, akafunga mfuniko, akafika nyumbani, akaiweka chini karibu na mlango pembeni ya buti zake. Akaenda kunawa.

Mtoto wake alikuwa na miaka miwili na nusu. Mama alikuwa mtoni kuteka maji. Dada mtu, wa miaka nane, alikuwa anachambua maharagi. Alisikia tu mdogo wake anakohoa.

Yaliyofuata ni yale tunayoyafanya wote, na tunayafanya kwa upendo. Jirani mmoja alileta mafuta ya mawese akamnywesha mtoto. Mwingine akamtia kidole kooni ili atapike. Alitapika kweli, na watu wakasema asante Mungu, imetoka. Usiku wa manane joto lilipanda, pua zinapanuka, kifua kinaingia ndani kila akivuta pumzi. Mbio mpaka sentre de sante, kutoka pale pikipiki mpaka hospitali, baba mbele na mtoto kati yake na dereva, mvua inanyesha. Alikaa kule siku nyingi kwa oksijeni.

Muuguzi aliyempokea ndiye aliyetufumbua macho. Esansi na petroli, alisema, hazimuui sana mtoto kwa kupitia tumbo. Zinamuua kwa kupitia mapafu. Ni maji mepesi sana, yanateleza. Mtoto akizimeza kidogo, na akikohoa kidogo, tone linaingia njia ya pumzi na linachoma mapafu kutoka ndani. Sasa ukimtapisha, unazipitisha pale pale mara ya pili, na nyingi zaidi. Mafuta ya mawese na maziwa hayaui sumu: yanaleta tu kichefuchefu na kutapika. Basi ile mikono yetu yote ya huruma ndiyo iliyosukuma esansi kwenye kifua cha mtoto.

Alipona. Leo anakimbia kati ya nyumba, anapigana juu ya mpira wa makaratasi. Mama yake ndiye hayuko. Ukoo wa mume ulikaa, wakasema mwanamke huyu hajui kulea, wakamrudisha kwao upande wa Kalembe. Ni miezi mitatu sasa. Yule dada wa miaka nane ndiye anapika.

Tulizungumza habari hiyo kwenye mkutano wa sendika, na tulitaka kuimaliza kwa maneno mawili: wanawake wawe waangalifu. Mama mmoja anayesafisha madini mtoni, mtu mzima, hana mazoea ya kusema mbele ya watu, akasimama akauliza: "Ile esansi ilikuwa ya nani?"

Hakuna aliyejibu. Ilikuwa ya mwenye shimo. Aliyeileta nyumbani ni baba. Aliyeitia ndani ya chupa ya kunywea ni baba. Aliyeiweka chini ni baba. Na aliyefukuzwa ni mama, ambaye wakati ule alikuwa mtoni anatafuta maji ya huyo baba kunawa.

Tangu siku ile tumeanza kuangalia nyumba zetu kwa jicho lingine, na tumeona mambo ambayo hatukuwa tunayaona.

La kwanza ni majina. Sikilizeni namna tunavyosema nyumbani. Tunasema maji ya bateri, na ndani ni asidi inayotoboa suruali. Tunasema maji ya javel. Sasa mtoto wa miaka miwili anajua maneno mangapi? Neno maji ni kati ya yale ya kwanza kabisa. Anajua maji yananywewa na anajua chupa ya maji inafanana namna gani. Kisha kuna neno dawa: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya viazi, yaani ile tunayopulizia shamba. Na mtoto akishikwa na malaria, tunamwambia: kunywa dawa, mwanangu, dawa ni nzuri, utapona. Tunamfundisha hivyo kwa nguvu, hata kwa kumshika pua. Kiisha tunashangaa akila ile ya panya. Mzee mmoja alicheka tulipolisema, akasema ao tuanze kuita sumu ya panya. Alicheka, lakini yuko na haki. Nyumbani kwetu sisi kadhaa tumeanza kusema sumu, tu sumu. Haigharimu hata franka.

La pili linatuhaya zaidi. Mtoto anatuangalia. Wauza esansi wa barabarani, ma-Kadhafi wetu, na sisi wenye motopompe, na watu wa pikipiki, wote tunatoa esansi kwenye bidoni kwa kutia mpira na kuunyonya kwa mdomo. Tunatema, tunapangusa midomo, tunacheka. Watoto wamesimama pale wanaangalia. Mtoto mdogo anaiga kila kitu: anabeba mtoto wa kitambaa mgongoni kama mama, anachimba shimo uani kama baba, na anatia mpira mdomoni kama baba. Na kwa sisi watu wazima pia ile kunyonya si mchezo, mapafu ni yale yale. Kuna pompe ndogo za mkono za plastiki sokoni Goma. Ukikosa pompe, weka bidoni juu, jaza mpira ule na esansi, ziba mwisho kwa kidole gumba, ushushe chini, uachilie. Inatiririka yenyewe. Kila mtu wa motopompe anaweza kujifunza hiyo kwa dakika tano.

La tatu ni sabuni. Wake zetu wengi, zaidi sana wale waliokimbia vita na hawana shamba, wanapika sabuni kwa mafuta ya mawese na soda ya kostike. Ni kazi ya heshima, inalipia watoto masomo. Lakini ile soda iko nyeupe, iko na vipande vidogo kama sukari ao chumvi ya mawe, na inauzwa kwa kupima, ndani ya kifuko bila jina. Ikishachanganywa na maji inafanana na maji tu. Mtoto akiimeza inachoma mdomo na koo, na kama akipona, koo linaweza kufunga polepole kwa kovu, wiki baada ya wiki, mpaka hawezi kumeza hata uji. Hapo ni hospitali kubwa, ni kupanuliwa koo mara kwa mara kwa miaka. Nani kati yetu yuko na pesa ya hiyo? Tulizungumza na mama wawili wanaopika sabuni, na wao wenyewe waliamua: siku ya kupika, wanapika pamoja, wawili wanapika na mmoja analinda watoto wote mbali, na beseni ya soda haikai chini hata dakika moja. Hatukuwafundisha sisi. Walikuwa wanangojea tu mtu wa kuwauliza.

Sasa tuje kwa madini, maana ndiyo mkate wetu, na hapa watu wanakasirika tukisema.

Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini ya Nigeria, watoto walianza kufa kijiji kwa kijiji. Wanashikwa na degedege, wanakufa. Mwanzoni watu walifikiri ni malaria. Wauguzi wa MSF, wale wale ambao sisi wa huku tunawajua tangu miaka kwa hospitali ya Mweso, ndio walioona kwamba haifanani na malaria. Walipopima damu walikuta risasi, ile madini nzito inayoitwa plomb kwa Kifaransa. Baba za wale watoto walikuwa wachimbaji wa mkono kama sisi. Walikuwa wanachimba dhahabu, na mwamba wa kule ulikuwa umechanganyika na risasi nyingi. Walikuwa wanarudisha mawe nyumbani, wanayasaga uani, wengine kwa mashine zile zile za kusagia unga, na vumbi linakaa kwenye mchanga ambapo watoto wanacheza na kutia vidole mdomoni. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Ilibidi kuondoa udongo wa juu wa viwanja vyote vile ndipo watoto watibiwe, juu ya kama ukimtibu mtoto na kumrudisha kwenye vumbi lile lile, ni bure. Kijiji cha Bagega kilisafishwa mwaka 2013 tu.

Hatusemi kwamba mawe yetu ni kama yao. Coltan na kasiterite si dhahabu ya Zamfara, na hatutaki kutia watu woga juu ya kitu ambacho hakijapimwa hapa kwetu. Lakini inajulikana kwamba mchanga wa coltan mara nyingi unakuwa na uranium na thorium kidogo ndani. Na sisi tunafanya nini? Tunaweka kilo za coltan chini ya kitanda, juu ya woga wa wezi. Tunatwanga na kupepeta uani. Tunalala na nguo za shimoni, mtoto anapanda kifuani akiwa uchi. Tungekuwa na mahali pa kuacha mzigo na pa kubadilisha nguo, mengi ya hayo yangebaki kilimani.

Kwa wale wanaopanda upande wa Walikale kutafuta dhahabu, kuna jambo la merkire. Inarudi nyumbani ndani ya kichupa, inang'aa, inakimbia mezani kama kitu chenye uhai. Hakuna mtoto ataikataa. Na kuna baba anayechoma ule mchanganyiko wa dhahabu na merkire juu ya mbabula ya mke wake, ndani ya nyumba, mlango umefungwa ili majirani wasione dhahabu. Ule moshi hauonekani vizuri na hauna harufu ya kukuonya. Unaingia kwenye ubongo na figo, na ubongo wa mtoto unaokua, ao wa yule aliye bado tumboni, ndio unaumia zaidi. Hapo hatuna maneno ya kulainisha: usichome nyumbani. Choma nje, mbali, upepo ukiwa mgongoni, na mbabula ile isirudi kupikia chakula.

Mapili nayo. Zile ndogo za duara, kama kifungo cha shati, za saa na vichezeo vya watoto, zikikwama kooni zinaweza kuchoma nyama kwa saa mbili tu. Mtoto anaweza kutoka mate mengi, kukataa kula, na wewe ukafikiri ni mafua. Ukishuku tu kwamba amemeza, toka saa ile ile, usingoje asubuhi.

Tunajua jibu ambalo mutatupa. Tulilisikia mara nyingi: "Munatuambia tuweke vitu juu, juu ya wapi?" Ni kweli. Vitabu vya wazungu vinasema weka kwenye kabati lenye ufunguo. Sisi wengine tuko chumba kimoja, watu saba. Na waliokimbia mapigano ya Mweso ya Januari 2024, na waliokimbia mbele yao, na waliokimbia mara tatu ao nne, wako kwenye vibanda vya nailoni ambavyo ukisimama kichwa kinagusa paa. Hakuna kabati. Hakuna hata ukuta wa kupigia msumari.

Lakini mti unaobeba paa uko, hata kwenye kibanda. Kamba iko. Mfuko mmoja mgumu, umefungwa fundo, uning'inie kwenye ule mti, upande wa kichwa cha baba na si upande wa chakula: petroli ya taa ndani, dawa ya panya ndani, javel ndani, soda ndani. Ni hivyo tulivyofanya kwetu. Si kamili. Mtoto wa miaka mitano anaweza kupanda juu ya bidoni na kufika. Lakini yule wa miaka miwili, ambaye ndiye anakunywa bila kuuliza, hafiki. Na bidoni ya esansi isilale ndani hata kidogo, juu ya moto pia, si juu ya kunywa tu.

Na chupa. Hapa tunaomba kama watu wanaopiga magoti. Kitu kisichonywewa kisiingie kamwe ndani ya chupa ya maji, ya jus, ya bia ao ya kasiksi. Hata kwa saa moja. Hata kama umeandika juu yake, maana mtoto hasomi, na usiku bila taa hata wewe husomi. Ma-Kadhafi wa barabarani wengine wametukubalia kuuza kwa bidoni ndogo za mafuta ya injini peke yake, mnunuzi akileta chupa ya maji wanamrudisha. Wengine walitucheka. Tutarudi kwao.

Ikiisha kutokea, kumbukeni maneno ya yule muuguzi. Usimtapishe. Usimpe mawese, usimpe maziwa, usimpe mkojo wala majani. Toa kitu kilichobaki mdomoni, mpanguse, vua nguo zilizolowana, nawisha ngozi na sabuni. Kama ni jicho limeingiwa na soda, asidi ao javel, mwagia maji safi, mengi, polepole, dakika 20 ao zaidi, hata akilia. Mweke mtoto akae wima ao alale ubavu, na toka naye. Beba na ile chupa ao kile kifuko, hata kama kimebaki tupu, muganga ataomba kujua ni nini. Na usirudi nyumbani kwa sababu mtoto anacheka: kwa petroli na esansi wanamwangalia angalau saa sita, juu ya mapafu yanaweza kuanza kuharibika nyuma. Kwa dawa ya shamba, mate yakimwagika, akitoka jasho na mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, ni dakika zinazohesabika.

Yote haya ni kazi yetu nyumbani, na baba ndio tunaanza. Lakini hatukubali iishie nyumbani, maana hatari nyingi hatukuzinunua sokoni, tumetumwa nazo. Kodi ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018 inataka kila mchimbaji wa mkono awe ndani ya koperative. Sawa, tumeingia, tunalipa, tunakatwa kwa kila mzigo. Tunauliza koperative: pesa ile inafanya nini kilimani? Tunaomba kila kilima kiwe na kibanda kimoja cha mabati chenye kufuli na mlinzi, esansi na mazuti na maji ya bateri vilale pale. Tunaomba pipa la maji na mahali pa kubadilisha nguo. Na tunaomba ile sheria ya wenye mashimo ya "ikipotea utalipa" iishe, kwa sababu ni hiyo inayopeleka esansi kwenye chumba cha mtoto. Kufuli nzuri haifikii bei ya kilo moja ya coltan. Mabati kumi na misumari, mwenye shimo anayapata kwa mzigo wa siku moja nzuri.

Tumewaandikia barua wenye mashimo wa kilima kile. Mmoja alituma mtu kusema kwamba ulezi wa watoto si kazi ya shimo. Wengine hawajajibu. Barua ya pili imekwisha andikwa, safari hii na vidole gumba vya wachimbaji vimepigwa chini, vya wanawake wa mtoni pia.

Na kuna safari nyingine. Mwenzetu wa motopompe alitujia wiki iliyopita, akasema hawezi kwenda Kalembe peke yake, aibu inamshika. Tumeongea na wazee wa ukoo wake. Wawili walikataa, watatu wamekubali. Mbuzi imepatikana, tumechanga sote, na kasiksi iko inaiva. Tutaenda Jumapili, kama njia iko salama, na ni yeye mwenyewe, baba, ndiye atakayesema mbele ya wakwe zake ile chupa aliiweka wapi.